Gia Isiyoshika

Mjomba wangu alizaliwa Ngumi, mojawapo ya visiwa vya Bajuni kusini mwa Kismayo, jirani na Koyama na Chovai. Katika utoto wake hakukuwa na gari hata moja kisiwani, na lingekuwapo lisingekuwa na pa kwenda. Ufundi aliuanzia kwenye mashine za boti, zile Yamaha za kufungwa nyuma ya mashua, ambazo wavuvi walimletea zikiwa zimekunywa maji ya chumvi. Vita vya 1991 vilipowakimbiza Wabajuni wengi kuja Kenya, naye alifika Mombasa kwa mashua. Magari aliyakuta huku. Leo ana gereji chini ya mwarobaini, na mafundi wenzake humletea magari ya otomatiki yaliyowashinda. Lugha yake haikuhama naye sana: bado husema "mchu" pale tunaposema "mtu".

Naandika habari za Corolla kuukuu ya kaka yangu kwa sababu teksi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilipia karo. Ipo sababu ya pili, nayo ni neno.

Kaka alisema gari "linaslipi". Ukikanyaga mafuta injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari linajikokota. Siku moja, likipanda kutoka kwenye feri ya Likoni na abiria watatu ndani, lilibaki likinguruma bila kusogea, magari mengine yakipiga honi nyuma yake, kisha likashika ghafla kwa kishindo. Gereji moja ilikuwa imeshamwambia kwamba giaboksi imekufa, atafute nyingine iliyotumika kutoka Japani. Bei waliyomtajia ilikaribia karo yangu ya mwaka mzima. Nilianza kuhesabu ni nani wa kumkopa, nikakosa hata jina la pili.

Ukimwomba msomi wa Kiswahili neno la hali hiyo, atakupa "kuteleza". Mafundi wengi nao husema hivyo. Mjomba halipendi.

"Tairi ndiyo huteleza, kwenye tope," alimwambia kaka. "Gia yako haishiki. Sasa tuulize mkono gani umelegea."

Nilidhani anacheza na maneno tu, mpaka aliponieleza yaliyomo ndani. Katika gari la otomatiki hakuna pedali ya klachi, lakini klachi zimo, tena nyingi: pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani, nusu zikiwa za chuma kitupu na nusu zimevikwa kitu cha kukwaruza. Kinachozibana pamoja ni oili inayosukumwa na pampu. Oili hiyohiyo hupokea nguvu ya injini, hulainisha vyuma na kuvipoza. Presha ikipungua, pleti hazibanwi sawasawa; zinasuguana, zinapata moto, zinaungua. Kwa hiyo anayesema "inateleza" huzitazama pleti, akaona zimekwisha na kutaka zibadilishwe. Anayesema "haishiki" hutafuta kwanza kile kilichopaswa kuzishikisha. Tofauti ya bei kati ya maneno hayo mawili ni kubwa.

Basi akaanza kumhoji kaka kama daktari. Inaanza gari likiwa la baridi au likishapata moto? Gia moja au zote? Ya nyuma je? Swali hilo la mwisho ndilo alilolirudia. Gia moja tu ikikosa kushika, yaelekea klachi ya gia hiyo imeliwa. Zikikosa zote, pamoja na ya nyuma, kosa liko mahali zinapokutana: oili yenyewe, chujio, pampu au presha. Kaka alisema zote, na zaidi kwenye kona na milima. Mjomba akatikisa kichwa, akaenda kuchukua kitambaa.

Oili ya giaboksi ya Corolla ile hupimwa gari likiwa mahali tambarare, limeshapata moto na injini ikiunguruma, baada ya kuupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. (Si magari yote, Honda nyingi hupimwa mara tu injini inapozimwa, na hapo wengi hukosea.) Kijiti kilitoka na oili chini ya alama. Rangi ilikuwa ya kahawia badala ya wekundu, ila ilipokaribishwa puani haikunuka kuungua. Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa gari linapoinama au kukata kona, na hewa haina nguvu ya kubana kitu. Uvujaji ulikuwa kwenye mpira unaopeleka oili kupozwa kwenye rejeta.

Akafungua sampu. Sumaku zilizokaa ndani yake zilikuwa na uji mweusi laini, si vipande vya chuma. Vingekuwa vipande, alisema, tungeanza kuzungumza mambo mengine. Chujio lilioshwa, mpira ukabadilishwa, oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti ikanunuliwa.

Kisha akaenda mahali ambapo ile gereji haikugusa. Katika Corolla za namna hiyo ipo kebo itokayo kwenye mlango wa hewa wa injini hadi giaboksi, nayo huiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani ili presha ipande. Mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya kizuizi cha kebo na mdomo wa ala yake isizidi milimita 1. Yetu ilining'inia. "Demani imelegea," mjomba alisema, akimaanisha kamba ya kukazia tanga. "Upepo upo, tanga lipo, chombo hakiendi." Aliikaza kwa spana mbili, dakika tano.

Gari lilipanda Likoni siku ileile likiwa na watu wanne. Baada ya wiki oili ilimwagwa tena, maana ukifungua sampu hutoka sehemu tu, nyingine hubaki ndani. Kishindo kidogo bado kipo asubuhi, gia ya pili inapoingia. Mjomba anasema pleti zimeshaliwa kiasi na kwamba giaboksi itafunguliwa siku moja. Kaka ameanza kutenga shilingi mia mbili kila jioni kabla ya kuhesabu mapato.