Vijiko viwili vya chumvi

Kwetu Unguja safari ni boti. Mtu akisema anasafiri, tunajua anashuka Malindi bandarini, anapanda, anatazama maji mpaka Dar es Salaam. Treni nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Ndiyo maana Jumapili ile, nilipokaa ndani ya treni ya umeme ya kwenda Morogoro, nilikishika kiti kwa mikono miwili nikingoja mtikisiko kama wa boti inapouacha ukuta wa bandari. Haukuja. Nilishtukia stesheni inarudi nyuma kimyakimya, kumbe sisi ndio tunaokwenda. Jirani yangu akaniambia inafika kilomita 160 kwa saa. Nilitazama chupa yangu ya maji mezani: maji yalicheza kidogo tu, kama ya mtungi uliopitiwa na mtoto anayekimbia.

Muda niliotumia kuvuka bahari, saa mbili hivi, ndio huo huo treni iliouchukua kunifikisha chini ya milima ya Uluguru. Kwetu tukitaka kupanda juu tunakwenda Masingini, na huko unafika bila kuhema. Milima hii ilikuwa imejifunga mawingu kiunoni kama kanga, vichwa vikiwa wazi juu yake. Nilisimama nje ya stesheni na begi mkononi, nikasahau kutafuta gari.

Nilikuwa nimeitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya gari katika mkoa huu huu. Kazi yangu ya miaka yote ni kuhariri makala. Sasa nilitakiwa kukaa siku nne na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, tufundishane namna ya kuiandika sayansi yao ili mkulima aielewe, afisa wa wizara aielewe, na mwanasayansi wa fani nyingine naye asipotee njiani.

Siku ya kwanza nilimwomba kila mmoja anieleze utafiti wake kwa sentensi moja. Binti mmoja wa Kondoa alianza, na alipomaliza nilikuwa kama mtu aliyefungua redio ya nchi ya mbali: sauti nzuri, maneno hayaingii. Tangu sekondari wamesoma sayansi kwa Kiingereza, na ukiwaambia waseme kwa Kiswahili, wanabeba sentensi ile ile na kuivisha viambishi. Nilikuja na somo langu la sentensi fupi, nikalifundisha asubuhi nzima. Wakakata. Sentensi ndefu ikawa vipande vitatu, na giza likagawanywa vipande vitatu. Usiku nilikosa usingizi.

Alfajiri, nikifungua begi nitoe nguo, mkono wangu ukagusa kanga. Nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda nayo darasani.

Nilizitandaza pande zote mbili juu ya meza. Kwetu mwanamke akiingia dukani hatazami ua kwanza, anasoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Na akisoma jina anamfikiria mtu: hii ni ya mama, hii nikiivaa wifi atajua nimemsema, hii ya kumpa mtoto anayeolewa. Kanga nzuri kwa mama mzazi yaweza kuzua ugomvi uani kwa jirani, na maneno ni yale yale. Nikawauliza wanafunzi: tasnifu yako ikichapwa kwenye kanga, itakuwa na jina gani, na nani unataka alisome?

Walicheka, kisha wakanyamaza. Kalamu zilikuwa zinakwenda. Binti wa Kondoa aliandika: "Punje ya kuvu haina mpishi." Nani atasoma? "Bibi yangu," alisema. Akatueleza kwamba mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua karibu watu 20 Dodoma na Manyara, na baadhi yao walizikwa si mbali na kwao. Walikuwa wamepika ugali wao vizuri. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Nilimtazama yule yule aliyenipoteza jana kwa sentensi moja. Leo nilimwelewa mpaka nikahisi baridi mikononi.

Kisha tukagombana na namba. Kiwango cha juu cha sumu hii kinachoruhusiwa kwenye nafaka ni mikrogramu 10 kwa kilo. Bibi wa Kondoa afanye nini na mikrogramu? Tukapiga hesabu ubaoni, tukafuta, tukapiga tena: ni kama vijiko viwili vya chai vya chumvi katika magunia 10,000 ya kilo mia mia. Darasa zima liliguna. Wenyewe wameiandika namba ile mara nyingi, na hawakuwahi kuiona.

Siku ya tatu walinipeleka kwa panya wa shirika la APOPO, walio hapo hapo Morogoro. Nyumbani panya ni wa kutegewa mtego. Hawa ni panya buku, wakubwa karibu sawa na paka, wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, na malipo yao ni chakula. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Lakini niliyemwangalia zaidi ni kijana aliyetuongoza. Alieleza yote bila neno moja gumu, na kila baada ya maelezo alitutazama nyusoni, akiona mtu amekunja uso anarudia kwa njia nyingine. Wanafunzi waliandika alichosema. Niliwaomba waandike pia alipokuwa anatazama.

Siku ya mwisho tulikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Binti wa Kondoa alimkuta mama muuza karanga, ambazo nazo hupata sumukuvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akamsomea ukurasa aliouandika. Mama alisikiliza mikono yake ikiendelea kupima karanga, kisha akauliza: "Sasa hizi nilizonazo nifanyeje? Nizitupe zote?"

Ukurasa haukuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo binti kichwani, baada ya miaka ya kukaa maabara, na hakuliandika kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Alichuchumaa, akaanza kuchambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, yenye ukungu. Kuzitoa hizo kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa.

"Hizo huwa nawapa kuku," mama akasema.

Binti akamsimulia kwamba sumu hii ilijulikana kwa sababu hiyo hiyo: Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga za kuvu. Mikono ya mama ikasimama.

Jioni ile binti aliandika upya. Ukurasa wa mama wa sokoni ulianza na swali la mama wa sokoni. Ikisiri yake ya jarida la sayansi haikupoteza namba hata moja, ila matokeo aliyokuwa ameyazika mwishoni yalipanda juu, na hapo nikaielewa hata mimi.

Nawe unayesoma, kama una karanga au mahindi ndani, yamwage kwenye ungo leo. Toa zilizosinyaa, zilizotobolewa na zenye rangi ya ukungu, uzitupe mbali, na kuku wasipewe.