Mgala na Haki Yake



Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema, mna hii: "Mgala muue na haki yake mpe." Aghalabu huelezwa kwa sentensi moja, kwamba hata adui anastahili haki, kisha somo likaendelea. Leo nakuomba utue hapo kidogo. Mgala ni nani? Ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo, na Waoromo wenyewe hawaridhii kuitwa hivyo. Methali hii basi inakiri kwamba mtu wa kabila jingine ana haki, na papo hapo inamhesabu kuwa mtu wa kuuawa. Haki inamfikia akiwa maiti.

Mimi ni mkazi wa Malukhu, na nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mbale. Darasani mwangu huketi Wagisu, Wasabiny, Wateso, Wagwere na Wanyole, na pengine mtoto mmoja au wawili wa Kihindi. Karibu wote hawakuzaliwa katika Kiswahili. Wanajifunza kama wewe unavyojifunza. Kwa sababu hiyo nimeipenda lugha hii: hakuna mwanafunzi wangu anayeweza kumwambia mwenzake kwamba ni mali ya babu yake.

Nje ya darasa mambo hayako hivyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema katika Ibara ya 21 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mtu asibaguliwe kwa rangi, kabila, jinsia, dini wala hali yake. Ibara ya 32 inaiagiza serikali kuwainua waliobaki nyuma kwa sababu za kihistoria na desturi. Ibara ya 36 inayapa makundi ya wachache haki ya kushiriki katika maamuzi. Haya ni maneno mazuri, nami huwapa wanafunzi wangu wayasome kwa sauti. Katiba hiyo hiyo, hata hivyo, ina Jedwali la Tatu, nalo ni orodha ya jamii za wenyeji waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Mwanzoni zilikuwa jamii 56; mwaka 2005 zikaongezwa tisa, zikawa 65.

Wabenet hawamo katika orodha hiyo kwa jina lao. Hao ni watu wa Mlima Elgon, waliokaa tangu zamani katika msitu na mbuga za juu, wakifuga, wakiwinda na kuokota asali. Serikali huwahesabu pamoja na Wasabiny. Mwaka 1983 walitengewa ardhi pembezoni mwa msitu ili wahamie huko. Mwaka 1993 mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa, mipaka ilipimwa upya, na baadhi ya familia zikajikuta upande usio wao. Walikwenda mahakamani. Tarehe 27 Oktoba 2005, Mahakama Kuu hapa Mbale ilitoa hukumu ya maafikiano, ikawatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa ardhi hiyo, wenye haki ya kuishi na kulima humo bila kubughudhiwa. Mwaka 2008 familia nyingi zilifukuzwa tena. Ziliwekwa katika makazi yaliyoitwa ya muda, na miaka ikapita zikiwa hapo hapo, bila ruhusa ya kujenga nyumba za kudumu.

Je, haya yanahusu nini na fursa za vijana? Nitakueleza kwa mfano wa mwanafunzi mmoja, ambaye jina lake silitaji. Alikuwa kidato cha pili, akikaa kwa shangazi yake mjini ili apate kusoma. Niliwapa darasa insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu." Akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama mahali tunapokaa haturuhusiwi kujenga, niandike nyumba au kibanda?" Kijana mmoja nyuma akacheka, akamwita mtu wa msituni. Nilimnyamazisha kijana yule, nikamjibu msichana kwamba aandike neno analolitumia mama yake. Aliandika kibanda. Insha yake ilikuwa safi, ngeli zake zimenyooka.

Baadaye alijaza fomu ya kuomba ufadhili wa karo. Palikuwa na sehemu ya kabila, na makabila yameorodheshwa tayari. La kwao halikuwamo. Akaweka alama kwenye Sabiny, akapeleka. Hakukosea, kwa kuwa hakupewa jibu jingine. Lakini tazama matokeo yake: wafadhili wakitaka kujua ni Wabenet wangapi waliomba na wangapi walipata, jibu litakuwa sifuri, na sifuri hiyo itasomwa kana kwamba Wabenet hawana haja ya shule.

Wako wasemao kwamba kuwainua wachache ni upendeleo. Aliyefaulu na apate. Hoja hii naiheshimu, maana nasahihisha mitihani na sipendi alama za bure. Ila nchi yetu imekwisha kukubali kwamba mtihani mmoja haupimi safari moja. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba kuingia Chuo Kikuu cha Makerere wameongezewa pointi 1.5. Baadaye ukaja mgao wa wilaya katika nafasi zinazolipiwa na serikali. Mgao huo ni mwema, lakini unahesabu wilaya. Jamii ndogo iliyomo ndani ya wilaya hushindana na majirani waliokuwa na shule za matofali wakati watoto wake wakisomea vibanda vya miti na udongo. Mwaka 2007 ilipitishwa sheria ya kuunda Tume ya Fursa Sawa, yenye kazi ya kuangalia mambo kama haya. Tume haiwezi kumwona asiyehesabiwa.

Usidhani kwamba ni jambo la watu wa mlimani tu. Tembea katika mitaa ya Mbale au ya Jinja, utazame juu ya maduka ya zamani: utaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na baadhi yao walikuwa raia wa Uganda. Walihesabiwa wageni katika miji walimozaliwa. Wahindi nao hawamo katika zile jamii 65. Orodha ya wenyeji ni kama ua wa boma: hulinda walio ndani, na siku mbaya huonyesha nani yuko nje.

Kwa hiyo, ewe unayejifunza Kiswahili, jifunze pia uzito wa majina. Mwite mtu kwa jina ambalo watu wake hujiita. Usimfasirie mwenzako kabila lake, muulize. Ukiwa karani, mwalimu au diwani siku moja, na fomu ikakufikia mezani, acha mstari mtupu ambao mtu ataandika mwenyewe yeye ni nani, kisha mstari huo uhesabiwe kama mingine.

Kazi ya juma hili ni fupi. Soma Ibara ya 21, ya 32 na ya 36, kisha andika aya moja ukiitunga upya methali ya Mgala, apewe haki yake angali hai.