Ndia, Njia na Usaili wa Mtandaoni

Barabara ianziayo karibu na Ngome ya Yesu na kupenya katikati ya Mji wa Kale huko Mombasa huitwa Ndia Kuu, na hakuna mwenyeji ayaonaye makosa katika jina hilo. Hata hivyo, mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa mtaa huo, aliiandika anwani yake mara mbili na kuifuta mara mbili: kwanza “Ndia”, kisha “Njia”. Shule moja ya ughaibuni ilikuwa ikitafuta mwalimu wa kuwafundisha Kiswahili watoto wa Waafrika Mashariki, na usaili wenyewe ungefanywa kwa njia ya mtandao. Miaka mitatu alikuwa akifundisha kwa vibarua. Kazi hii hakutaka impite.

Matayarisho ya vyombo hayakumsumbua sana. Cheti cha usajili cha Tume ya Huduma za Walimu alikwisha kukituma. Kuta za matumbawe na chokaa, ambazo huzuia joto, huzuia pia mawimbi ya simu. Hivyo basi alihamia ghorofani, akauelekeza uso dirishani ili mwanga usitoke nyuma yake, na simu akaiinua juu ya kamusi mbili. Saa aliyochagua ni saa nane mchana, baada ya adhuhuri na kabla ya adhana ya alasiri.

Lililomkosesha usingizi ni somo la mfano la dakika kumi. Alipolifanyia mazoezi mbele ya mamake, mama alicheka.

“Mwanangu, wasema kama redio. Ndoo tule kwanza.”

Tatizo lote lilikuwa katika neno hilo. Kwa mama, ndoo ni mwaliko. Kwa msaili aliyejifunza lugha kitabuni, ndoo ni chombo cha maji. Aidha, msaili angeweza kuwa mtu wa Unguja, na hapo mashindano ya kale yangefufuka. Ikumbukwe kwamba mkutano uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papo hapo Mombasa, mwaka wa 1928. Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake! Lakini kushindwa si kufa: marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka wa 2017, aliishi Mombasa akichota istilahi katika lahaja za pwani, na neno “runinga” linalohusishwa naye hutamkwa leo na watu wasiowahi kuiona bahari.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwalimu aliliacha somo la maamkizi. Kwenye karatasi kubwa aliandika safu mbili: ndia na njia, ndaa na njaa, mtele na mchele, kuteka na kucheka. Wanafunzi wangeulizwa wagundue wenyewe kanuni ya mabadiliko ya sauti, kisha wasome kifungu cha Kiswahili sanifu. Ilikuwa hatari, maana msaili angeweza kumwona kuwa mtu asiyekijua Kiswahili. Hata hivyo, kuificha lahaja yake kungemwacha na somo ambalo mwalimu yeyote angeweza kulifundisha.

Robo saa kabla ya saa nane, mama alishuka mlangoni akamsihi muuza kahawa asigonge vikombe mpaka saa tisa.