Kabla ya Simbu

Siku chache baada ya Alphonce Simbu, mwana wa Ikungi, kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, kijana mmoja wa jirani, mjuzi wa kila kilichomo ndani ya simu yake, aliniambia kwa yakini isiyo na chembe ya shaka kwamba mkoa wa Singida haujapata kuzaa mkimbiaji kabla ya huyu. Nikastaghafiru, kisha nikamwuliza kama amepata kulisikia jina la Restituta Joseph.

"Ni mwimba kwaya, babu?"

Restituta alizaliwa hapa mwaka 1971, akafika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Zama hizo, katika njia ya kwenda uwanja wa Namfua, kabla haujapewa jina la Liti, yule mama wa Kinyaturu ambaye wazee husimulia kuwa aliwakabili Wadachi kwa nyuki, palikuwa na duka la mzee mmoja aliyeuza mafuta ya alizeti, mafuta ya taa, na raba za kitambaa zilizofungwa jozi jozi na kuning'inizwa darini kama samaki wakaukao. Harufu ya duka lile, gundi ya raba mpya iliyochanganyika na mashudu, ndiyo kwangu harufu ya riadha hata leo. Mzee yule, ambaye sikupata kumwona akikimbia hata mvua, alikuwa akiwaazima raba mabinti wa shule waliochaguliwa kwenda UMISHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwa sharti moja tu, zirudi zimefuliwa na kuanikwa kivulini, maana jua hubandua gundi. Na jina la aliyeazima huliandika kwa chaki juu ya ubao wa mlango, asilifute ila raba zikisharudi. Aghalabu mabinti walizivaa njiani kwa fahari, wakazivua mbio za nyika zilipokaribia kuanza, wakakimbia peku, kwa kuwa chenga za mawe ya Singida zikishaingia ndani ya raba huwa adhabu kubwa kuliko miiba.

Kisha akaja Zakia Mrisho, aliyezaliwa Singida vilevile, mwaka 1984. Fainali yake ya mita 5,000 ya mashindano ya dunia ya Helsinki nimeitafuta tarehe, nikaikuta ni 13 Agosti 2005. Na tarehe si kitu mbele ya jambo lenyewe, kwamba baada ya mizunguko kumi na miwili na nusu, na Wahabeshi wanne wametangulia, binti huyu alimaliza wa sita kwa dakika 14 na sekunde 43.87, rekodi ya taifa, huku aliyekuwa wa nne akiwa mbele yake kwa sehemu arobaini tu za mia ya sekunde. Nilipomweleza kijana hayo, aliuliza medali iko wapi, nikasema hakuna. "Basi ndiyo maana hatumjui," akasema, na lililoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Zakia alibeba bendera yetu katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Simbu akaleta shaba kutoka jiji hilohilo mwaka 2017, na huko Tokyo akamshinda Petros, Mjerumani, kwa sehemu tatu za mia ya sekunde, hesabu ambayo sasa kila mtoto anaihifadhi. Katikati ya hayo yote, tangu zama za Restituta, michezo ya shule ilipata kusimamishwa, ikarudishwa baadaye ikiwa dhaifu, na viwanja vingi vya vijiji vikageuka viwanja vya nyumba. Duka la yule mzee limebomolewa. Pamesimama kibanda cha kutuma na kupokea fedha. Mabinti wawili watatu bado hukimbia alfajiri kando ya ziwa Singidani, na madereva wa bodaboda huwapigia honi, wakiwauliza kama wamechelewa basi.