Karani Mmoja

Boti za kwenda Faza hufuata maji, hazifuati saa. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ni mwembamba. Maji yakitoka penye kina kifupi, boti hukwama. Kwa hiyo abiria hufika gatini kwa mpigo mmoja, na majina yao yote yanatakiwa kuandikwa ndani ya dakika zile zile chache.

Ami yangu ana boti mbili. Mwaka jana alimlipa mtu amtengenezee programu ya kuandikisha abiria: vijana watatu, simu tatu, na hifadhidata moja ya SQLite kwenye kompyuta ya dukani. Siku za abiria wachache, shwari. Maji yakijaa, simu zinatoa kosa: hifadhidata imefungwa. Vijana wakichoka wanamwambia mtu, "Panda tu, tutakuandika baadaye."

Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonitia hofu. Sisi wa visiwani tunajua kazi ya orodha ile. Boti ikizama, ndiyo inayowaambia waokoaji watafute watu wangapi. Asiyeandikwa hatafutwi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na siku hizi naishi kwa kuandika makala. Lakini ami hakuwa na mwingine wa kumwita. "Si ulisomea mambo haya, mwanangu?" Nikaifungua programu, nikaisoma mstari kwa mstari.

SQLite, iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, huweka data yote kwenye faili moja. Wanaosoma wanaweza kuwa wengi. Anayeandika ni mmoja tu kwa wakati. Wawili wakija pamoja, mmoja husubiri au huambiwa pamefungwa. Programu ile ilimwacha kila kijana agombanie kalamu kivyake, na jina lililoshindwa halikujaribiwa tena.

Dawa yake ni ya kizamani: weka karani mmoja. Sasa simu haziandiki, zinapeleka jina kwenye foleni. Ndani ya programu kuna kazi moja tu yenye ruhusa ya kuandika. Inachukua jina la kwanza, inaandika, inachukua la pili. Na kasi imeongezeka, maana karani akikuta majina ishirini yamejipanga, anayaandika kwa muamala mmoja. Diski inathibitisha mara moja badala ya mara ishirini.

Ila foleni hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na stima za Amu mnazijua. Zikipotea, majina yaliyokuwa yakingoja nayo yamekwenda. Kwa hiyo alama ya kijani haitokei jina linapoingia foleni. Inatokea karani akishamaliza kuandika. Bila kijani, hakuna kupanda.

Vijana walinung'unika kwamba nawachelewesha, na ami akaelekea kuwaunga mkono. "Maji hayangoji, mwanangu."

"Najua, ami. Lakini kijani ikitoka mapema, inamdanganya nani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akawaambia vijana wafuate nilivyosema. Yeye mwenyewe bado ana daftari la karatasi chini ya kiti cha nahodha, na kabla ya kung'oa nanga huhesabu vichwa kwa kidole. Sikumwambia aache.