Viazi vya Idd

Idd ile nilishuka Kitangari na kilo sita za viazi mviringo ndani ya begi la nguo. Usicheke, msomaji. Wenzangu wakitoka Dar hurudi na mashuka, vitenge, redio. Mimi nilirudi na viazi vya Njombe, vilivyokwisha kuzunguka nusu ya nchi, vikavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji vikiwa chini ya miguu yangu. Bibi alipoviona akauliza, "Mjukuu wangu, kwani umesikia huku mihogo imekwisha?"

Haijaisha. Tena ukitaka cha kutafuna jioni ipo ming'oko, ile mizizi inayochimbwa porini, ikachemshwa kwa chumvi na kuliwa na pilipili. Kiazi ulaya kwetu ni kitu cha chipsi. Cha kuoka na ganda lake, pale nyumbani hakuna aliyepata kukiona. Ndiyo maana nikavileta. Nilitaka nionekane, basi.

Oveni hakuna. Nikakumbuka mama anavyopalia wali. Nikatandaza mchanga kwenye kitako cha sufuria kuukuu, nikaweka sahani ya bati juu yake, viazi juu ya sahani. Kuviosha nilipewa kata mbili tu za maji. Bibi alizaliwa juu, upande wa Newala, enzi za kuteremka bondeni na mitungi. Leo mradi wa Makonde unavuta maji huku kwetu Mitema na kuyapandisha huko kwao, lakini mkono wake bado unapima kwa kata.

Nikavitoboa kwa chelewa, nikavipaka mafuta na chumvi, nikafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ujuzi wote uko hapo: moto wa chini ukizidi, ganda linaungua na moyo unabaki mbichi. Vinne vya kwanza viliungua hivyo hivyo, nikavificha chini ya kikapu nyuma ya jiko. Vilivyofuata nilivipa saa nzima, nikivigeuza, machozi ya moshi yakinitiririka. Kule nilikojifunzia walitia siagi na jibini. Mimi nikatwanga korosho mbichi, nikazipika na kitunguu mpaka uji wake ukawa mzito, nikavipasua viazi na kuumiminia ndani. Hilo la korosho ni langu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Tulikula wote uani, mikeka miwili, kuku na wali katikati, viazi vyangu pembeni. Watoto walivimaliza kabla ya kuku. Mjomba alikula viwili, akalamba vidole. Sasa huyu mjomba, kwetu Wamakonde, si mtu wa kuchezea. Na huyu wangu ndiye aliyeuza korosho zake msimu baada ya msimu ili mimi nimalize sekondari.

"Vitamu," akasema. "Umejifunzia wapi?"

"Kazini, mjomba."

"Ati ofisini mnapika?"

Hapo nikakwama. Miaka mitatu nimekuwa nikiandika barua kwamba mimi ni karani. Karani! Mimi ni mtumishi wa ndani, Masaki. Naamka saa kumi na moja, nafua, naoka viazi vya watu, kisha nasimama jikoni nikisikiliza vijiko vyao mpaka niitwe kutoa vyombo. Siku ile ya Idd ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kula viazi hivyo vikiwa vya moto, nimekaa.

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari.

"Mjomba," nikasema, "mimi si karani."

Nikaeleza yote, macho kwenye mkeka. Mama akaacha kutafuna. Mjomba akavuta bakuli la maji, akanawa polepole kidole kwa kidole, hakusema kitu. Nilisikia mpaka kuku wa jirani wakiparua majani makavu chini ya mkorosho.

Ni bibi aliyeanza.

"Vile ulivyoficha chini ya kikapu, vilete. Unadhani sina pua?"

Nikaenda, nikavileta. Akakwangua upande ulioungua kwa ukucha, akakikata kiazi kimoja vipande viwili, kimoja akamnyooshea mwanawe. Mjomba alikuwa amekwisha nawa. Alikitazama kwa muda, kisha akakipokea.