Tulivyoanza Kuichungulia Mahakama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa sayansi ya siasa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuhitaji kuambiwa mambo yake ni yapi. Yetu yalikuwa chama, Bunge, serikali, ukombozi wa kusini mwa Afrika na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mahakama tuliwaachia wenzetu wa Kitivo cha Sheria, kitivo kikongwe kuliko vyote chuoni, kilichoanza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla Mlimani hakujajengwa darasa hata moja. Wao walisoma hukumu, sisi tukasoma hotuba. Hakuna aliyelalamika.

Na kusema kweli, nani angekwenda kutafuta siasa mahakamani katika nchi ya chama kimoja? Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ikajipa muda wa kujitayarisha, hivyo mpaka Machi 1988 hapakuwa na mtu wa kwenda kuzidai mbele ya jaji. Baada ya hapo ndipo jina la Jaji James Mwalusanya likaanza kusikika. Mwaka 1990, akiwa Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanamume. Sisi wa siasa tuliisoma habari hiyo gazetini kama watu wengine, tukasema haya ni mambo ya mirathi.

Kilichonigeuza mimi ni tarehe tatu za mwaka 1994. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa amefungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma, akidai, pamoja na mengine, kwamba raia aweze kugombea uongozi bila kupitia chama chochote. Tarehe 16 Oktoba Serikali ikapeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, ili asiyedhaminiwa na chama asigombee. Tarehe 24 Oktoba Jaji Kahwa Lugakingira akasoma hukumu yake: mgombea binafsi anaruhusiwa. Tarehe 2 Desemba Bunge likaupitisha muswada.

Ukisoma hukumu peke yake, Mtikila alishinda, na ni hukumu nzuri, mpaka leo naipenda. Ukiziweka zile tarehe kwa mfuatano unaona jambo lingine. Serikali haikuikaidi mahakama, iliitangulia. Muswada ulikuwa mezani siku nane kabla jaji hajafungua kinywa. Hilo si swali la sheria tena. Ni swali letu: nani anamwogopa nani, na anajikinga namna gani?

Basi nikapeleka pendekezo la tasnifu ya uzamili juu ya mahakama na mageuzi ya vyama vingi. Kwenye semina mwalimu mmoja akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimekosea mlango, maana Kitivo cha Sheria kiko kule. Mwingine akataka kujua nitamhoji nani, kwa kuwa jaji hahojiwi. Msimamizi wangu, Mungu amrehemu, alisema neno moja tu: "Mwacheni aende masjala."

Nikaenda. Vijana wa leo nikiwasimulia masjala ya wakati ule wanadhani nawatania. Ripoti za sheria zilichelewa kuchapishwa kwa miaka, kwa hiyo hukumu uliifuata ilipo: kwenye jalada lililofungwa kwa kamba, ndani ya chumba chenye harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mwenye chumba hakuwa jaji wala msajili. Alikuwa mama mmoja karani, miwani imeshikwa kwa uzi, anayejua kwa kichwa jalada gani liko rafu gani na lipi limepelekwa kwa mheshimiwa na halijarudi. Kibali changu cha utafiti alikisoma mara mbili, akakirudisha.

"Unataka hukumu au unataka jalada?"

Nikamjibu nataka hukumu, mama.

"Hukumu ni kurasa za mwisho, mwanangu. Kaa hapo, anza mwanzo."

Sikupata somo la mbinu za utafiti lililozidi hilo. Majaji walikuwa wakiandika mwenendo wa shauri kwa mkono wao, neno kwa neno, na ndani ya mwandiko ule kesi ilionekana inavyotembea. Leo wakili wa Serikali hakutokea. Leo ametokea, anaomba muda wa kujibu. Leo limeletwa pingamizi la awali kwamba shauri lilifunguliwa kwa kifungu kisicho chake. Leo jaji ana dharura. Miezi inapita kurasa mbili tatu, na mdai bado hajasema alichojia. Nilikuwa nanakili kwa kalamu, maana mashine ya kurudufu ilikuwa ya ofisi na wino wake ulihesabiwa.

Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma nje, nikakuta wenzetu wa Marekani wana miongo kadhaa katika kazi hii. C. Herman Pritchett alikwishatoa kitabu mwaka 1948 akihesabu kura za majaji wa Mahakama ya Juu enzi za Roosevelt: nani huungana na nani, nani hupinga, na kama misimamo yao ya kisiasa inatabiri kura zao. Nilivutiwa mno. Niliporudi na chombo hicho nyumbani kikakosa cha kupima. Mahakama yetu ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, huketi majaji watatu watatu, na ni nadra sana mmoja kuandika maoni ya kupingana na wenzake. Kura za kuhesabu hakuna. Ikabidi tuangalie kwingine: kesi imepangiwa nani, imeahirishwa mara ngapi, Bunge limefanya nini wiki ile. Yaani nikarudi kwenye zile kurasa za mwanzo za yule mama.

Mwaka 2001 Jennifer Widner, Mmarekani, akachapisha kitabu kizima juu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na safari ya uhuru wa mahakama Afrika. Idarani tulikisoma kwa kufurahi na kuona haya. Nyalali alikaa kwenye kiti hicho tangu 1977 hadi 2000, umbali wa daladala moja kutoka ofisini kwetu, na ndiye aliyeongoza tume ya mwaka 1991 iliyozunguka nchi kuuliza wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Wengi walisema kimoja. Tume ikapendekeza vingi. Jaji Mkuu alifanya utafiti mwingi wa maoni ya kisiasa kuliko wanasayansi wa siasa wote wa nchi hii, na sisi tukaendelea kusema mahakama si eneo letu!

Kesi ya mgombea binafsi haikufa, bahati nzuri kwa waliokuwa wakitafuta mada. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka uliofuata. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hilo ni la kisiasa, likamalizwe bungeni. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Ramadhani wakati huo alikuwa jaji wa mahakama hiyohiyo ya Arusha, ila kesi hii hakuisikiliza kwa kuwa ni ya nchi yake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao, kama uliotangulia, haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Novemba 2019 Serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda Arusha moja kwa moja.

Lakini kilichojaza darasa langu hakikutoka Dodoma wala Arusha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili, na wanafunzi wangu wakaitazama hukumu hiyo moja kwa moja kwenye simu. Muhula uliofuata kila wa pili alitaka kuandika juu ya mahakama. Walinikumbusha, kama vile sijui, kwamba kwetu Katiba inakataza mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza.

Siku hizi hukumu zimo mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na ninaishukuru Mahakama kwa hilo. Mwanafunzi anapakua hukumu mia kwa jioni moja, anazipanga kwenye jedwali, anajua zipi Serikali ilishinda na zipi ilishindwa. Ni kazi ambayo mimi nisingeiweza. Ila jedwali lake linaanzia pale jalada linapoishia, na siasa nyingi huwa imekwishafanyika.

Huwa nampa mfano mmoja. Novemba 2018 Mahakama ya Kisutu iliwafutia dhamana Freeman Mbowe na Esther Matiko wa CHADEMA. Wakakata rufaa Mahakama Kuu. Serikali ikapinga rufaa hiyo hata kusikilizwa, ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ikashindwa, na Machi 2019 wakarudishiwa dhamana. Kwenye jedwali hapo Serikali ina sifuri. Lakini Mbowe, mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani wakati huo, alikaa mahabusu Segerea zaidi ya miezi mitatu, na hakuna hukumu ya kumrudishia miezi hiyo. Nani ameshinda? Mwanafunzi akinijibu haraka, namrudisha akasome upya.

Kwa hiyo kama wewe msomaji ni kijana unayetafuta mada, nakupa ya bure. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete, ilibatilisha kifungu kilichomnyima mshtakiwa dhamana bila jaji wala hakimu kupima lolote. Fuatilia kilichotokea katika mahakama za wilaya baada ya hapo, mwaka hadi mwaka. Usianzie mtandaoni, anzia masjala. Nenda asubuhi mapema kabla makarani hawajazidiwa, beba kibali chako, msalimie mwenye chumba kama inavyostahili, na ukiulizwa unataka hukumu au jalada, sema jalada.